Kadi, Pampu na Shoti

(Maelezo ya wanachama wanaofanya kazi katika vituo vya mafuta, yaliyosomwa katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi)

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na Kamati yako,
Akina mama wanachama, wazee wetu, na nyote mliokuja kutuunga mkono,

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa na uhai, na sanduku letu likiwa na kufuli zake zote tatu. Si kila kikundi kilichoanza pamoja na sisi kimeiona siku kama hii.

Kamati ilituomba tuieleze kazi yetu, kama walivyoeleza wenzetu wa samaki wa kukaanga, wa ukili na wa mgahawa. Sisi ni wanachama wanne tunaofanya kazi sheli. Wawili tuko hapa mjini Bagamoyo, mmoja yuko njia ya Msata, na mmoja upande wa Kerege kuelekea Bunju. Maneno haya tumeyaandika pamoja kwa muda wa Jumapili tatu. Anayesoma ni mmoja, kwa hiyo ulimi ukiteleza msituhukumu wote wanne.

Mada tuliyopewa ni mapana sana: "Kazi ya sheli na faida zake." Tumeipunguza. Tutazungumzia jambo moja tu, malipo, na hasa malipo ya kadi ya benki, kwa sababu hapo ndipo mkate wetu unapopatikana na ndipo unapopotelea. Mwisho tuna hoja ya kuweka mbele ya mkutano.

Kwanza hesabu ya zamu, maana asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini sisi tunakosa usingizi. Kila pampu ina mita ndani yake inayohesabu lita tangu siku ilipofungwa, wala hairudi nyuma. Ukiingia zamu unaandika namba. Ukitoka unaandika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo lita ulizouza. Zidisha kwa bei, hiyo ndiyo fedha unayodaiwa. Basi. Pampu haijui nani kaondoka bila kulipa, nani kaleta noti bandia, wala mtandao ulikatika saa ngapi. Unakaa mezani na msimamizi, unaweka noti zako, karatasi za mashine ya kadi, jumla ya waliolipa kwa simu, na hati za wateja wa mkopo kama kampuni na ofisi. Vyote vikijumlishwa lazima vifikie ile namba. Vikipungua, upungufu huo ndio tunaouita shoti. Na shoti ina mwenyewe: ni wewe uliyekuwa zamu.

Kuna usiku mmoja kila mwezi ambao hesabu hii inakuwa ngumu zaidi. Bei kikomo mpya za mafuta za EWURA huanza kutumika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, usiku wa kuamkia siku hiyo ikigonga saa sita. Aliye zamu ya usiku anatakiwa kusoma mita mara tatu badala ya mbili: akiingia, saa sita juu ya alama, na akitoka. Ukisahau ile ya katikati, au ukikuta foleni ya magari saa sita kamili, utauza lita za bei hii kwa hesabu ya bei ile. Bei ikipanda unadaiwa fedha ambayo hukuipokea. Tunayasema haya ili mnapopita usiku huo na kumwona binti amesimamisha pampu dakika mbili anaandika kwenye daftari, msimpigie honi.

Tuje kwenye fedha yenyewe. Nchini kwetu noti kubwa kuliko zote ni ya shilingi 10,000. Gari la kawaida likijazwa mafuta ya shilingi 150,000, ni noti 15 za kuhesabu chini ya taa huku nyuma wanapiga honi. Mwisho wa zamu nzuri mtu anakuwa na milioni tatu katika mkoba wa kiunoni. Hizo ni noti 300 zikiwa zote nyekundu, na zaidi kama bodaboda wamelipa kwa elfu mbili mbili. Sasa mfikirie mwanamke mwenye noti 300 kiunoni, saa nane za usiku, kando ya barabara kuu. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata tangu iwekwe lami imetuletea magari ya Tanga, Moshi na Arusha yanayokwepa foleni ya Kibaha na Chalinze. Biashara imekua. Na wasiotutakia mema nao wanaijua barabara hiyo hiyo.

Kwa hiyo kadi ya benki ilipoanza kuonekana kwenye pampu, sisi tuliipokea kwa mikono miwili. Fedha ya kwenye kadi haiporwi kiunoni. Haina noti bandia. Haidai chenji, na mnaijua shida ya chenji mji huu. Tulidhani shoti imekufa na kuzikwa. Kumbe ilikuwa imebadili nguo.

Tueleze jinsi kadi inavyofanya kazi, kwa mfano wa sanduku letu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wanaokaa nyumba mbalimbali. Mmoja asipokuja, hatufungui, hata kama wote tunajua kilichomo. Malipo ya kadi nayo yana wenye funguo wake. Mteja anachomeka kadi kwenye mashine na kubonyeza namba ya siri. Mashine inapeleka ombi kwa benki ya sheli, yaani benki iliyotoa mashine ile. Kama kadi ni ya benki nyingine, benki ya sheli inalipeleka ombi kwenye mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, na mtandao unaufikisha ujumbe kwa benki ya mteja. Benki ya mteja ndiyo inayotazama: kadi ni halali? Namba ya siri ni sahihi? Salio lipo? Ikiridhika inatenga fedha ile kwenye akaunti ya mteja, na jibu linarudi kwa njia ile ile: mtandao, benki ya sheli, mashine. Ndipo karatasi inatoka. Safari yote hiyo, kwenda na kurudi, ikiwa hali ni njema, ni muda wa kumeza mate mara mbili.

Lakini angalieni jambo hili, akina mama, maana ndilo kiini cha maelezo yetu. Safari ni mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mtandao unaweza kukatika wakati wa kwenda. Hapo hakuna lililotokea, mteja hajakatwa, jaribu tena. Na unaweza kukatika wakati wa kurudi. Hapo benki ya mteja imeshasema ndiyo, mteja ameshaletewa meseji ya kukatwa, lakini mashine yetu haijasikia chochote. Imeandika tu kwamba imeshindwa. Kwa anayeitazama mashine, hali zote mbili zinafanana kama kulwa na doto.

Mwenzetu mmoja yalimkuta. Hatutaji jina lake wala kituo chake. Lori dogo lilisimama jioni moja ya mvua, dereva akasema jaza tanki, ikafika shilingi 214,000. Akachomeka kadi, akabonyeza namba ya siri. Mashine ikazungusha ile alama yake, ikazungusha, mwisho ikaandika kwamba muamala haukukamilika. Hapo hapo simu ya dereva ikalia. Meseji ya benki: amekatwa 214,000. Dereva akamwonyesha: "Dada, mimi nimeshalipa, soma mwenyewe." Na ni kweli, alikuwa amekatwa. Mwenzetu naye alikuwa na ukweli wake, kwamba mashine haikutoa karatasi. Mafuta yako tankini, hayawezi kunyonywa yarudi. Watu wawili wakweli, na laki mbili na kumi na nne elfu haziko kwa yeyote kati yao.

Alichofanya mwenzetu tunakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho tunachowafundisha mabinti wapya. Hakugombana. Alikataa pia kumwambia dereva achomeke kadi mara ya pili, maana kama ile ya kwanza ilipita, huyo angekatwa mara mbili na kesho yake angekuja na polisi. Alibonyeza mashine itoe nakala ya muamala wa mwisho, na ile taarifa ya miamala ya siku. Kisha akachukua daftari lake, daftari la shule la kurasa 48, akaandika: tarehe, saa na dakika, kiasi, namba nne za mwisho za kadi, jina la benki ya mteja, namba ya gari, namba ya simu ya dereva, na namba ya kumbukumbu iliyokuwa kwenye ile meseji. Akamwomba dereva atie sahihi. Akamwita msimamizi aje aone kabla gari halijaondoka. Namba zote za kadi hakuziandika, wala hakuipiga kadi picha. Hilo haliruhusiwi na ni hatari kwa mteja.

Tajiri wake hakutaka kusikia habari ya daftari. Fedha haijaingia, alisema, kwa hiyo ni shoti. Mshahara wa mwenzetu kwa mwezi mzima haukufika kiasi hicho. Mwisho wa mwezi alipewa karatasi yenye sifuri, na mwezi uliofuata pia alikatwa. Katikati ya hapo alikuwa akienda na daftari lake benki, ile iliyotoa mashine, siku zake za mapumziko, kwa nauli yake. Benki ilipopata saa, kiasi na namba nne za mwisho ikaweza kuutafuta muamala. Ulionekana. Fedha ilikuwa imetengwa upande wa mteja na haikuwa imepelekwa upande wa sheli. Ikarekebishwa, ikaingia kwenye akaunti ya kituo. Kurudishiwa mshahara wake kulichukua muda mrefu kuliko benki kuitafuta fedha.

Wakati ule alikuwa na mkopo wa kikundi hiki. Wengi wenu mnakumbuka kuna mwanachama aliyekosa marejesho mara mbili mfululizo akatozwa faini, na maneno yakasemwa kisimani. Ndiye yeye. Alinyamaza kwa sababu aliona aibu kusema kwamba amepata shoti, maana mtu akisikia shoti anasikia wizi. Ametupa ruhusa tuseme leo.

Sasa tusimseme tajiri peke yake bila kumtazama na upande wake. Fedha ya kadi haiingii kwenye akaunti yake papo hapo. Mauzo ya Ijumaa jioni huenda akayaona Jumatatu, na kukiwa na sikukuu, baadaye zaidi. Naye gari la mafuta kutoka Dar es Salaam linataka lilipwe leo. Aidha, benki inakata ada yake kwa kila muamala wa kadi. Tuchukue mfano, ada ikiwa shilingi 2 kwa kila 100, kwenye mauzo ya laki moja zinakwenda elfu mbili. Dukani kwenye vitenge mtu anaweza kupandisha bei kidogo akafidia. Sheli haiwezi kuvuka bei kikomo ya EWURA, na faida ya lita moja ni ndogo. Ndiyo maana mahali pengine mkifika na kadi mnaambiwa "mashine mbovu" hali mnaiona inawaka taa. Mara nyingine ni mbovu kweli. Mara nyingine tumeagizwa kusema hivyo, na tunasema huku tunatazama chini.

Turudi kwenye namba ya siri, maana hapa wazee wetu mnatupa mtihani. Mzee anakuja na gari lake, tunampa shikamoo, tunajaza mafuta. Anatoa kadi ya pensheni, anatukabidhi, halafu kwa sauti ya kuadhini anaitaja namba ya siri, tarakimu zote nne, bodaboda sita wakiwa wamesimama nyuma yake. "Bonyeza wewe, mwanangu, mimi miwani sina." Kumkatalia mzee si jambo dogo. Tunachofanya ni hivi: "Baba, shikamoo tena. Hiyo namba ni kama ufunguo wa nyumbani kwako, usinipe hata mie. Weka kidole hapa, cha katikati kina kinundu, ndiyo tano. Hesabu kutokea hapo. Mie nageuka natazama kule." Kile kinundu kwenye tano kipo kweli kwa ajili ya wasioona vizuri, na akishaambiwa anafurahi. Lakini aliyekwisha kuitaja hadharani tunamshauri akaibadilishe kwenye mashine ya benki siku ile ile. Mkiwa na baba au babu mwenye kadi, mfundisheni nyumbani.

Na nyinyi mnaolipa kwa kadi popote pale, msikubali ichukuliwe ikapelekwe chumba cha ndani. Mashine ndiyo inayokuja kwenu. Kuna watu duniani wana vifaa vya kunakili kadi kwa sekunde chache, hasa ile mistari myeusi ya nyuma. Ndiyo sababu benki zilileta kadi zenye kile kidude cha dhahabu, kwa kuwa hicho hakinakiliki kirahisi. Someni kiasi kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine kabla ya kubonyeza namba. Sifuri moja ikizidi, 30,000 inakuwa 300,000, na kurudisha ni safari ndefu kwenu na kwetu.

Wateja wengi wanachanganya karatasi. Ziko mbili. Moja ni ya mashine ya kadi, inaonyesha kwamba fedha imetoka benki. Nyingine ni risiti ya EFD, ile ya kodi, ambayo mashine zake zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Dereva wa ofisi akirudi na ile ya kadi peke yake, mhasibu wake atamrudisha kwetu, na foleni ya kesho itakuwa na mtu mwenye hasira.

Habari ya simu tutaipitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaijua kuliko sisi. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, simu imekuwa benki ya watu wa pwani. Hapa kwetu wanaolipa kwa simu ni wengi mara nyingi kuliko wa kadi. Uongo wake ni meseji feki. Kijana ananyoosha simu, meseji inaonekana kama ya kweli, jina la kituo lipo, kiasi kipo, na mwenyewe ana haraka. Dawa ni moja: usisome simu ya mteja, soma simu ya kituo. Lakini simu ya kituo inakaa wapi? Kwenye droo ya msimamizi, ndani, mlango umefungwa. Yaani anayebeba hasara yuko kwenye pampu, na chombo cha kumwonyesha ukweli kiko kwenye droo ya mtu ambaye hakatwi senti. Tumeomba simu ile iwe pamoja nasi. Kituo kimoja kimekubali, na tangu hapo mwenzetu wa pale hajapata shoti ya meseji hata moja. Vingine bado.

Tena kuna kichekesho. Juu ya kichwa chetu kuna kibao: Ni marufuku kutumia simu. Chini ya kibao kuna bango la lipa namba. Mteja anasoma vyote viwili anatuuliza atii kipi. Jibu letu ni kwamba sogea pembeni, mbali na pampu na ule mpira wa mafuta, ulipe huko, kisha urudi. Usalama kwanza. Moto wa petroli hausubiri mtu amalize kubonyeza nyota na reli.

Wageni wanaokuja kutazama Kaole, au wanaopita kwenda Saadani, au wale wa tamasha la sanaa pale TaSUBa, zamani walikuwa wakituletea dola na kutuuliza tunabadilisha kwa ngapi. Tangu mwezi Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo dola tunakataa kwa heshima. Hao hulipa kwa kadi. Baadhi ya kadi zao hazidai namba ya siri, zinagusishwa tu juu ya mashine na kulia. Nyingine zinatoa karatasi ya kutia sahihi. Msishangae. Mji huu umeona fedha za kila namna. Wapagazi waliofika hapa na misafara walilipwa nguo za merikani na shanga, Waarabu na Wahindi wakaleta rupia, na Wajerumani waliokuwa na makao yao hapa walihesabu rupia moja kuwa pesa 64, mpaka mwaka 1904 walipobadili wakaleta heller 100 kwa rupia. Bila shaka na wakati ule alikuwepo karani aliyekatwa mshahara kwa sababu ya ile hesabu ya 64.

Sasa sheria. Hili tulilisoma wenyewe, tukamwomba kijana wa mwanachama mmoja anayesoma chuo atusaidie na lugha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inazungumzia makato. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa kuwa ameamua tu. Hasara iwe imetokea kazini na iwe imetokana na kosa la mfanyakazi. Mwajiri ampe mfanyakazi maandishi yanayoeleza chanzo cha deni, kiasi, na jinsi kilivyopatikana. Ampe nafasi ya kutosha ya kupinga. Asidai zaidi ya hasara halisi. Na hata vyote vikitimia, jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Robo, akina mama! Mwenzetu alipewa sifuri. Mtandao kukatika si kosa la binti aliyeshika mashine, na aliye na daftari lenye saa, kiasi na sahihi ya dereva ana kitu cha kuonyesha.

Asiyesikilizwa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini kuna muda: kwa madai ya namna hii ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na kwa aliyeachishwa kazi ni siku 30. Wengi wetu tunakaa miezi mitano tukimwomba tajiri kwa upole, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, halafu tunaambiwa tumechelewa. Kuomba kwa upole si vibaya. Omba huku unahesabu siku.

Tunajua pia ugumu wake. Anayekwenda Tume kwa laki mbili anaweza kukuta kesho jina lake halimo kwenye orodha ya zamu, na mlangoni wamesimama mabinti kumi wanaoitaka kazi ile. Hatumlaumu anayenyamaza. Ndiyo maana hatukuja hapa kuwaambieni kila mtu akashitaki. Tumekuja na hoja.

Mfuko wetu wa jamii kwa sasa unasaidia katika mambo matatu: msiba, ugonjwa na uzazi. Tunaomba katiba irekebishwe iongezwe la nne, yaani mwanachama aliyekatwa mshahara kwa hasara ya kazini. Hatuombi sadaka. Tunaomba mkopo usio na riba, usiozidi kile alichokatwa, urejeshwe ndani ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo asitozwe faini ya marejesho ya mkopo wake mwingine. Masharti yawepo: alete karatasi ya mshahara, na alete daftari lake la kumbukumbu Kamati ilisome. Asiye na daftari asipewe. Na isiwe kwa watu wa sheli peke yao. Wapo hapa wenye kazi za dukani, kwenye maegesho na kwenye vibanda vya wakala wa fedha za simu, wote wanajua tunachosema.

Tumesikia manung'uniko tayari, na ni haki ya kila mmoja. Wapo wanaosema kwamba shoti ni uzembe, na mfuko wa jamii si wa kufidia uzembe. Wapo wanaosema tutafungua mlango, kila mtu atakuja na shoti yake. Kwa hao wa kwanza tunasema, ndiyo sababu tumeweka daftari. Kwa hao wa pili hatuna jibu kamili; pengine kiwekwe kiwango kwa mwaka, na hilo mkutano uamue. Kwa kuwa vikundi kama chetu vinasajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tunaomba Katibu aangalie utaratibu wa kurekebisha katiba kabla hatujapiga kura, tusije tukapitisha jambo likarudishwa.

Baada ya chakula tutakaa pale chini ya mwembe na mashine moja ya kadi ambayo tumeazima kwa ruhusa. Haijaunganishwa, haimkati mtu. Anayetaka kujua kinundu cha tano kilipo aje na babu yake.

Hoja imeandikwa, sahihi zetu nne ziko chini yake, na nakala anayo Mwenyekiti.